Kobla ya matunda: fraipeni ya chuma au bakuli la kioo?

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengine mna matunda yameshaanza kulainika hapo jikoni na hamna muda wa hadithi. Kama we ni mtu wa ukoko, yaani ile pembeni iliyokaangika kwenye siagi ikawa kahawia, ngumu kidogo, tamu kama karameli, chukua fraipeni ya chuma na upike kobla ya rojo, yaani ya unga mwepesi wa kumimina. Kama unapenda madonge laini ya unga yamekaa juu ya matunda yenye shira nyingi, bakuli la kioo au la udongo linaloingia oveni linakutosha, wala usijitese kunyanyua chuma. Kosa tunalofanya wengi, na mi nimelifanya sana tu, ni kuchukua resipi ya huku tukaipika kwenye chombo cha kule, alafu tunasema aa kobla ndo ilivyo, haina maajabu.

Kwa ambaye hajawahi kuipika, kobla ni kitu cha Kimarekani, matunda na sukari chini, unga juu, basi. Sio pai kwa sababu haina ganda la chini la kusukuma, na sio keki kwa sababu matunda ndo wenye nyumba, unga ni mgeni. Walowezi wa Kiingereza kule Marekani ndo walioianzisha, walikuwa wanapika kwenye vyungu vya chuma juu ya makaa, kwa hiyo chuma na kobla wanajuana zamani.

Na fraipeni ninayosema hapa ni ile nyeusi nzito ya chuma cha kusubu, mpini na chombo ni kipande kimoja, hakuna plastiki wala mbao popote. Ya sentimita 26 hivi ina kilo 2 na ushee ikiwa tupu. Fraipeni nyepesi yenye mpini wa plastiki haihusiki hapa, tena ukiiingiza oveni utapata harufu ya mpini kabla ya harufu ya matunda.

Rojo au donge, hapo ndo pa kuamulia kwanza

Kabla hujachagua chombo chagua cha juu, maana kobla ziko namna mbili na hazifanani kabisa.

Ya rojo inaenda hivi. Unga wa ngano gramu 125, ambao ni kikombe kimoja, sukari gramu 150 mpaka 200 kutegemea utamu wa matunda yako, bekin pauda vijiko vidogo 2 kasoro, chumvi nusu kijiko kidogo, maziwa mililita 240. Unakoroga tu mpaka unga mkavu usionekane, vijidonge vidogo vikibaki achana navyo. Siagi gramu 115 inayeyuka ndani ya chombo chenyewe, rojo linamiminwa juu ya siagi, matunda kama gramu 500 au 600 yanatawanywa juu ya rojo, na HUKOROGI. Narudia hukorogi, hata mkono ukiwasha. Rojo likipata joto linapanda, linayameza matunda, siagi inakimbilia pembeni na kuanza kukaanga kingo. Unaingiza matunda juu unakuja kuyakuta chini, mara ya kwanza nilidhani nimekosea.

Ya donge ni kinyume chake. Matunda yanakaa chini, mengi zaidi, gramu 900 hivi, na sukari gramu 100, kornflawa vijiko vikubwa 2, limau kidogo. Juu unadondosha madonge ya unga gramu 190, bekin pauda vijiko vidogo 2, sukari kidogo, chumvi, siagi ya baridi gramu 85 iliyosuguliwa na vidole mpaka iwe kama chenga, alafu maziwa au mtindi mililita 120 mpaka 150 kiasi cha kushikanisha tu. Hapa siagi iko ndani ya donge, hakuna siagi inayoogelea chini, kwa hiyo hakuna cha kukaangika. Ukishaelewa hiyo tofauti moja, mambo ya chombo yanajipanga yenyewe.

Chuma kinafanya nini hasa

Utasikia watu wanasema chuma kinasambaza joto vizuri. Hapana jamani. Alumini inapitisha joto mara nne hivi kuliko chuma cha kusubu, ndo maana ukiweka fraipeni ya chuma juu ya moto mdogo wa katikati, katikati inaungua na pembeni bado baridi. Sifa ya chuma ni nyingine, ni kwamba kizito, kinachelewa kushiba joto ila kikishashiba hakiliachii. Ukikimiminia rojo la baridi hakishtuki, kinaendelea kuchoma tu.

Na hapo ndo watu wengi wanapoachwa na gari. Wanachukua chuma cha baridi kutoka kabatini, wanapaka siagi, wanapanga kila kitu vizuri, wanaingiza oveni. Dakika kumi za mwanzo lile chuma lote linajipasha lenyewe kwanza, kobla inasubiri. Niliwahi kupika mbili siku moja, pichi zile zile, rojo lile lile, moja kwenye chuma cha baridi moja kwenye kioo, na nikuambie ukweli ya kwenye kioo haikuwa nyuma hata kidogo, ya chuma ilitoka na kingo za rangi ya biskuti ya maziwa, hakuna ukoko wa maana. Nikaanza kujiuliza hizi kilo mbili nabeba za nini.

Kumbe siri ni kukiwasha kabla. Oveni ikiwa inapanda kwenda nyuzi 175 au 180 za Selsiasi, fraipeni iko ndani na siagi yake imo. Siagi inayeyuka, inatoa povu, povu linatulia, na ukisubiri kidogo chini panaanza vidoa vya kahawia na harufu kama ya karanga. Hapo toa. Kwangu inachukua dakika 6 au 7 baada ya oveni kuwa na joto, yako inaweza kuwa tofauti, angalia povu usiangalie saa, maana dakika mbili za uzembe vile vidoa vinakuwa vyeusi na siagi inakuwa chungu, ikifika hapo mwaga uanze upya usijipe moyo. Sasa mimina rojo katikati, polepole. Utasikia chwaaa, na utaona pembeni pale rojo linapogusa chuma panageuka rangi na kushika hapo hapo, kama sentimita moja hivi kuzunguka, wakati katikati bado ni maji. Huo mkanda wa sentimita moja ndo ukoko wako. Kila kitu kingine unaweza kukipata kwenye chombo chochote, huo mkanda hapana.

Kioo hukifanyii hivyo. Yaani wapo wanaoyeyusha siagi ndani ya bakuli la kioo oveni na linakubali, ila kioo hakipendi kushtuliwa, kumwagia kitu cha baridi kwenye kioo cha moto sana au kukitoa frijini na kukisukumia kwenye oveni inayowaka ni njia ya kuokota vipande vya kioo kwenye pichi. Kama utatumia kioo na rojo, yeyusha siagi pembeni, mimina ndani, rojo liwe na maziwa ya joto la kawaida ya chumbani sio yaliyotoka frijini sasa hivi. Itatoka kobla nzuri, laini, pembeni ina rangi, ila ukoko wenyewe utakuwa wa kubembeleza.

Kioo nacho kina lake. Kinapitisha mwanga kwa hiyo unainua bakuli unaangalia chini kama pameiva, na matunda yanavyochemka unayaona ubavuni, na hicho ni kitu kikubwa kwa kobla ya donge. Kornflawa haigeuki kuwa shira nzito mpaka matunda yachemke kweli, karibu nyuzi 95 kwenda juu, na kama povu liko pembeni tu na katikati kumetulia, ukikata utakuta maji meupe meupe ya unga. Kwenye kioo unaliona hilo mapema. Kwenye chuma unabaki kuchungulia kati ya madonge kama mtu anayetafuta pete.

Halafu joto. Kwa kioo wengi hupunguza oveni kama nyuzi 15 kwa sababu kikishapata joto kinalishika na kingo zinaweza kukauka kabla katikati hakujaiva. Kwa chuma mi sipunguzi, ila natoa mapema dakika 3 mpaka 5 kabla sijaridhika, maana ukiiweka mezani bado inaendelea kupika yenyewe kwa muda, usipojua hilo unakula kobla kavu pembeni na unalaumu resipi.

Matunda makali, hapa chuma kinapoteza

Hili ndo linalokatisha watu tamaa na chuma. Fraipeni ya chuma inalindwa na utando mweusi wa mafuta yaliyochomwa yakagandamana juu yake, na utando huo hauelewani na asidi. Fraipeni ya zamani iliyopikiwa miaka ina utando mnene, kobla ya saa moja haiifanyi kitu. Fraipeni mpya, au ile uliyoisugua juzi na steel waya mpaka ikang'aa, hiyo ni hatari, matunda makali yanakula utando yanafika kwenye chuma chenyewe, na shira inakuja na ladha ya msumari.

Mi ilinipata na plamu. Kobla yenyewe jioni ilikuwa safi, tukala, ikabaki kama robo, nikafunika nikaiacha ndani ya fraipeni mpaka asubuhi. Asubuhi shira ilikuwa na rangi ya wino kuzunguka ukingo na kijiko cha kwanza kilinikumbusha kulamba funguo nikiwa mtoto. Na fraipeni chini ilikuwa na duara la kijivu pale utando ulipoondoka, nikaanza kazi ya kuipaka mafuta na kuichoma upya. Kosa halikuwa kupika plamu kwenye chuma, kosa lilikuwa kuzilaza humo.

Kwa hiyo panga matunda yako hivi. Pichi zilizoiva, matufaha matamu, maembe, peasi, hayo chuma kinayapokea bila shida. Plamu, cheri za uchachu, nanasi, stroberi zilizowekewa limau jingi, hapo angalia umri wa fraipeni yako, kama ni changa nenda na kioo au udongo uliopakwa glezi, ule utando unaong'aa kama kioo, havina mjadala na asidi. Ipo pia fraipeni ya chuma iliyopakwa enameli, hiyo nayo haijali asidi na inashika joto vile vile, kama unayo we tumia tu na usome sehemu ya siagi hapo juu, hadithi ya plamu haikuhusu. Alumini tupu isiyopakwa kitu iache kwa matunda, inapata moto haraka kweli ila nayo inaingiliana na asidi.

Matufaha ni kesi ya peke yake. Ni magumu, ukiyatupa mabichi kwenye rojo, rojo linaiva na tufaha bado linalia kwenye meno. Na hapa chuma kinashinda vizuri sana, unayakata vipande vya nusu sentimita, unayapika juu ya jiko kwenye fraipeni hiyo hiyo na siagi, sukari na mdalasini dakika 6 au 8 mpaka yalegee kidogo, unayaweka kwenye sahani, siagi mpya ndani, rojo, matufaha juu, oveni. Chombo kimoja mwanzo mpaka mwisho. Bakuli la kioo huwezi kuliweka juu ya jiko, litapasuka, kwa hiyo unaongeza sufuria ya kuosha.

Matunda ya kopo ni rahisi, chuja maji yake na upunguze sukari, mengine yote sawa. Ya kugandishwa yanahitaji akili kidogo, ukiyatawanya yakiwa barafu juu ya rojo unaua lile joto lote ulilolihangaikia, chuma kinapoa, ukoko haupo. Yayeyushe uyachuje kwanza. Kwa kobla ya donge haina haja, yaingize na barafu yake, ongeza kornflawa kijiko kimoja, uyape dakika 20 au zaidi oveni peke yake mpaka yaanze kuchemka ndo udondoshe madonge.

Na hilo la kuyachemsha matunda kwanza lifuate hata kwa matunda mabichi, dakika 10 mpaka 15 kwa nyuzi 190, kwenye chombo chochote. Donge likidondoshwa juu ya matunda ya baridi, juu linapata rangi, chini linabaki kinamu kama gundi. Likikuta matunda yanachemka linapikwa na mvuke kutoka chini na joto kutoka juu, dakika 25 au 30 limekwisha. Ukitaka kuhakikisha, chokonoa donge la katikati kabisa uangalie tumbo lake, usidanganywe na la pembeni.

Je donge kwenye chuma linakataa? Halikatai. Linapendeza hata, picha inatoka nzuri. Ila ukiniuliza faida yake juu ya kioo nitakujibu ni mwonekano na kubaki moto mezani, kwa mdomo mi sioni tofauti ya kunifanya ninyanyue uzito huo, na fraipeni ya sentimita 26 yenye kina cha sentimita 5 hivi ukiijaza gramu 900 za matunda na madonge juu lazima shira imwagike, weka trei chini au utasugua oveni kesho.

Mezani na baada ya hapo

Iache itulie dakika 20 mpaka 30 kabla ya kuchota. Najua ni ngumu ila shira inahitaji kupoa kidogo ndo inashika, ukichota ikitoka tu oveni unapata supu ya matunda. Kwenye hili chuma kina raha yake, baada ya nusu saa bado ni ya moto wa kuyeyusha aiskrimu, wakati trei nyembamba ya alumini imeshapoa. Kama mnakula palepale wote kwa pamoja, chuma. Kama wageni wanakuja mmoja mmoja mpaka usiku, au unapeleka kwa mtu, kioo chenye mfuniko, maana kobla ya kwenye chuma ni ya kula ikaishe na ikibaki unaihamishia bakuli lingine usiku huo huo.

Kuosha watu wanakuogopesha bure. Eti sabuni haigusi chuma, hilo ni la enzi za sabuni kali za magadi, sabuni ya kawaida ya vyombo kidogo haing'oi utando uliokomaa. Kinachoua chuma ni kuloweka na kuacha na maji, utakuta kutu asubuhi. Mwaga maji ya moto, sugua ukoko uliong'ang'ania na chumvi ya mawe au brashi, futa, rudisha juu ya jiko dakika mbili mpaka ikauke kabisa, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo sana, kidogo kiasi kwamba unaona kama umeyafuta yote. Dakika tano. Kioo unaloweka unaenda kulala, na hiyo kwa siku fulani ndo inayoamua kila kitu, sitakudanganya, kuna siku nimechagua kioo kwa sababu ya kuosha tu na si sababu nyingine.

Kwa hiyo ukiniuliza ya leo: pichi zimeiva, watu wanne wapo na njaa zao, fraipeni ina utando mzuri, mi ni chuma na rojo bila kufikiria. Plamu nyingi zenye uchachu na unataka ibaki ya kesho asubuhi, kioo na donge. Fraipeni mpya kabisa imetoka dukani, ipikie kwanza vitu vya mafuta mafuta wiki kadhaa ndo uiletee matunda. Huna fraipeni ya chuma kabisa, usikimbilie kununua kwa ajili ya kobla peke yake, jaribu ya donge kwenye bakuli ulilonalo uone kama unaipenda hata hiyo kobla yenyewe.

Jambo la mwisho kwa watakaoenda na chuma. Mpini ni chuma pia na una joto lile lile la oveni, na hauonyeshi, ni mweusi vile vile ukiwa wa moto na ukiwa wa baridi. Kuutoa na glavu kila mtu anakumbuka. Tatizo ni dakika kumi baadaye, fraipeni iko mezani imetulia, mtu anataka kuisogeza tu kidogo apate nafasi ya sahani, anashika mpini mkono mtupu. Mi huwa nauvalisha mpini ile glavu na kuiacha hapo hapo juu yake mpaka kijiko cha mwisho.